Nataka kuwa askari wa polisi wa jimbo, lakini mama hataki mpelelezi aje nyumbani

(Barua imefupishwa, na baadhi ya mambo yamebadilishwa ili mwandishi asitambulike.)

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka 23, naishi Lancaster, Pennsylvania, huku Marekani. Kwetu ni Fizi, Kivu Kusini, ila Kongo mimi siikumbuki. Nilivushwa Ziwa Tanganyika nikiwa mtoto wa mgongoni, nikakulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu hadi tulipopata safari ya Marekani mwaka 2016. Nyumbani tuko wanne: mama, mimi na wadogo zangu wawili wa kiume. Mama anafanya kazi kiwanda cha kuku, zamu ya usiku. Mimi ni mlinzi hospitalini.

Mama, mimi nataka kuwa askari wa polisi wa jimbo. Sisemi polisi wa mji. Nasema wale wa jimbo zima, wenye kofia pana, wanaokaa kwenye barabara kuu na kuhudumia vijiji visivyo na polisi wao. Nilianza kulitaka jambo hili nikiwa na miaka 16, siku mjomba alipopata ajali na gari lake likaingia mtaroni. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Alinipigia simu akilia, kisha nikasikia sauti ya askari ikiomba kuongea na mimi. Nilitegemea ukali. Yule askari akaniambia taratibu, "Mwambie mjomba wako hajashikwa kwa kosa lolote, asigeuze shingo, gari la wagonjwa liko njiani." Nikamtafsiria. Akaendelea kumshikia mjomba simu sikioni mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Tangu siku ile nawaza ingekuwaje kama aliyefika pale angekuwa anajua Kiswahili mwenyewe.

Nimeshakuwa raia, niliapa mwaka 2021 nikiwa na miaka 19, kwa maombi yangu mwenyewe. Mama bado ana kadi ya ukaaji wa kudumu tu, mtihani wa Kiingereza unamsumbua. Mwaka huu nilifanya mtihani wa maandishi wa polisi wa jimbo nikafaulu. Mshahara wa kuanzia ni karibu mara mbili ya ninaopata sasa, na ningeweza kumtoa mama kwenye baridi ya kile kiwanda, maana vidole vyake vimeshaanza kukakamaa.

Mama hataki. Anasema, "Mimi nilikimbia bunduki, wewe unaifuata?" Namwelewa. Watu wenye magwanda ndio waliotutoa kwetu, na baba alipotelea kwenye kizuizi cha barabarani, hakuonekana tena. Mwanzoni alikuwa ananung'unika tu. Nilipoanza kazi ya ulinzi hospitalini alinipigia pasi sare yangu ya kwanza. Hata siku ya mtihani aliniombea. Lakini nilipomsomea fomu ya historia ya maisha niliyotumiwa, akabadilika kabisa. Fomu inataka majina ya wazazi na ndugu wote, tarehe na mahali walipozaliwa, kila anwani niliyowahi kuishi, na inasema mpelelezi ataongea na familia, majirani na waajiri. Tangu usiku ule hali vizuri, presha imepanda, na akiongea nami ni kwa mambo ya jikoni tu.

Na hapa ndipo penye siri, mama. Nilipokuwa na miaka 16 shangazi mmoja aliropoka kwenye msiba kwamba mama siye aliyenizaa. Aliyenizaa ni dada yake mkubwa, ambaye alifariki muda mfupi baada ya kunizaa. Huyu ni mama mdogo. Nilipomuuliza alisema, "Mimi ndiye mama yako, ndivyo karatasi zinavyosema, na usiniulize tena." Sijamuuliza tena. Kwa hiyo najua kwamba kambini niliandikishwa kama binti yake wa kumzaa, na kwa kesi hiyo tukaletwa huku. Nikijaza jina lake nitakuwa nadanganya, na baadaye kuna mashine ya kupima uongo. Nikijaza jina la marehemu, naweza kumchongea mtu aliyenilea. Hata tarehe yangu ya kuzaliwa ni ile ya wakimbizi wengi, tarehe 1 Januari.

Kanisani nako si shwari. Kijana mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Kwa hiyo utakuja kutukamata sisi?" Mjomba, huyohuyo aliyesaidiwa, anasema polisi wa Marekani wanaua watu weusi na mimi naenda kuwa mmoja wao.

Fomu inatakiwa wiki chache zijazo. Nifanye nini? Niachane na jambo hili ili mama apone, au niendelee? Na kama naendelea, kwenye fomu niandike mama yangu ni nani?

Ni mimi mwanao, Lancaster.

Jibu

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nikiirudia nasimama pale ulipopita haraka: kwamba mama alikuwa ananung'unika tu, akakupigia pasi sare, akakuombea siku ya mtihani, kisha akabadilika usiku uliomsomea fomu. Wewe umelielezea jambo hili kama hofu ya magwanda. Sikatai kwamba hofu hiyo ipo. Mwanamke aliyempoteza shemeji yake, yaani baba yako, kwenye kizuizi cha barabarani ana haki ya kuitazama sare yoyote kwa mashaka hadi mwisho wa uhai wake. Ila hofu ile aliishi nayo miezi yote ya maandalizi yako na bado akakuombea. Iliyompandisha presha ilikuja na karatasi. Nakuomba uliwaze hili kabla ya kuamua kama mnapingana: je, inawezekana kwamba mama hapingi kazi yako kama unavyodhani, bali anaogopa mgeni mwenye kalamu atakayekaa sebuleni kwenu na kuuliza, "Huyu ulimzaa wapi?"

Kama ni hivyo, basi mmekuwa mkigombana juu ya bunduki huku kinachowatesa wote wawili ni faili.

Kwa hiyo nitaanza na faili, hasa kwa kuwa fomu ina tarehe. Mimi si mwanasheria, na utaona kwamba karibu kila njia hapa inapita kwenye mlango wa mwanasheria. Lakini kuna mambo unayoyasema kwa uhakika ambayo, kwa maelezo yako mwenyewe, huna uhakika nayo.

Unaandika, "najua kwamba niliandikishwa kama binti yake wa kumzaa." Umejuaje? Ulikuwa mtoto mchanga mlipofika Kigoma. Huo ni usemi wa mama, siku aliyokuwa amebanwa na aibu ya msiba. Faili hujaliona. Kambini, watoto waliofiwa na wazazi waliandikishwa kwa namna nyingi: wengine kama watoto wa kumzaa, wengine kama wapwa au yatima walio chini ya uangalizi wa ndugu, na wengine walianza hivi wakarekebishwa vile kwenye mahojiano ya baadaye. Inawezekana mama aliwaeleza ukweli wote mwaka fulani, mhojaji akauandika, na yeye akabaki akiamini kwamba karatasi zinasema vingine. Inawezekana pia hali ni kama unavyoogopa. Sijui, na wewe hujui, na unakaribia kufanya uamuzi wa maisha kwa kukisia kilichomo kwenye bahasha iliyofungwa.

Bahasha hiyo inafunguka. Mtu anaweza kuomba nakala ya faili lake kwa mamlaka ya uraia na uhamiaji ya Marekani, kwa sheria ya haki ya kupata taarifa. Mwanasheria wa uhamiaji anajua kuandika ombi hilo, anajua kulisoma faili likija, na anajua pia kama kuna sababu ya kutoliomba kwanza. Ndiyo maana nasema yeye atangulie. Utakayomweleza kama mteja wake analindwa na sheria kuyatunza. Muulize waziwazi mwanzoni, "Haya tunayoongea ni siri?" Tafuta mwanasheria mwenye leseni, au mwakilishi wa shirika la wakimbizi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani kushughulikia kesi za uhamiaji. Usimpelekee yule jamaa wa mtaani anayejaza fomu za watu kwa malipo. Hata wewe na mama huenda mkahitaji kila mmoja wake, kwa sababu wewe ni raia na yeye si raia bado, na kinachokufaa wewe kinaweza kumletea yeye tabu.

Kwa nini nasisitiza hivi? Nakueleza kwa kuwa wewe ni mtu mzima na nisingependa upewe maneno laini. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango wake mmoja wa kuunganisha familia za wakimbizi baada ya vipimo vya vinasaba vilivyofanywa Afrika kuonyesha kwamba watu wengi waliotajwa kama ndugu wa damu hawakuthibitika kuwa hivyo. Mpango uliporudi mwaka 2012, ulirudi na vipimo. Habari zile zilitembea kambi hadi kambi, na nina hakika mama yako alizisikia. Kwa upande wa sasa, tangu Juni 2025 Wizara ya Sheria imetangaza kwamba kesi za kuwavua watu uraia walioupata kwa udanganyifu zitapewa kipaumbele. Simaanishi kwamba kesi yako ni ya namna hiyo. Mtoto wa mgongoni hadanganyi mtu, na sheria ina nafasi za msamaha katika hali kadhaa. Lakini hofu ya mama ina miguu. Usiichukulie kama ushamba wa mtu aliyetoka kijijini.

Sasa ile fomu. Umeuliza uandike nani. Sitakwambia jina la kuandika, ila nitakwambia jinsi ninavyoona pande zake.

Ukiandika kitu unachokiamini kuwa si kweli, mashine ya kupima uongo ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Kazi unayoitaka ni kazi ya ushahidi. Askari anakamata, kisha anasimama kortini anaapa, na hakimu na baraza la raia wanaoamua kesi wanamwamini au hawamwamini. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya Brady mwaka 1963, na tena katika kesi ya Giglio mwaka 1972, kwamba mwendesha mashtaka lazima amfunulie mshtakiwa mambo yanayoweza kumsaidia, yakiwemo yanayotia doa uaminifu wa shahidi. Kwa vitendo maana yake ni kwamba askari aliyewahi kudanganya kwenye karatasi rasmi anaweza kuulizwa juu ya uongo huo miaka kumi baadaye, katika kesi isiyohusiana nao kabisa. Uongo wa kuingilia kazini hauishii mlangoni. Ungekaa nao kila siku unapovaa kofia ile.

Ukiandika jina la marehemu bila ushauri, kwa kuwa tu umechoka kubeba siri, unaweza kuwa umesema kweli na bado ukamuumiza mtu ambaye hakupewa nafasi ya kujieleza. Na hapo napo kuna swali la wanasheria: fomu inauliza nini hasa? Aliyekuzaa, mzazi wako kisheria, mlezi, au wote? Maneno ya fomu yana uzito, na anayejua kuyapima si mimi wala si shangazi wa msibani.

Kuna na njia ya tatu, ambayo kwenye barua yako hukuitaja kabisa: kutoijaza kwanza. Unaandika kana kwamba wiki hizi chache ndizo mlango wa mwisho. Sivyo. Pennsylvania inapokea makuruta kuanzia miaka 21, mradi wawe hawajafikisha 40 wanapoingia chuoni. Wewe una 23. Unaweza kumuuliza afisa wa uandikishaji kama muda wa fomu unaongezeka na kama anayejiondoa sasa anaruhusiwa kurudi awamu nyingine, bila kumwambia sababu. Tafadhali, sababu usimwambie. Ni mtu mwema pengine, lakini si mshauri wako, yeye ni mwajiri. Gharama ya kusubiri ipo pia: mshahara ule unachelewa, vidole vya mama vinaendelea kukakamaa, na hamu ya mtu ikikaa sana huweza kupoa. Hilo ni lako kulipima.

Huenda umewaza kukwepa yote haya kwa kuomba polisi wa mji, au ofisi ya sherifu, au kazi ya kiraia ndani ya polisi wa jimbo hilohilo, kama wale wanaopokea simu za dharura na kuwaelekeza askari. Ni kazi za heshima, na mpokea simu anayejua Kiswahili angekuwa msaada mkubwa kwa akina mjomba. Ila huko nako wanachunguza historia ya mtu. Ukibadili kazi bila kulitazama faili, swali la mama litakufuata kwenye dawati jingine.

La tarehe 1 Januari usilikoseshee usingizi. Maelfu ya wakimbizi wana tarehe hiyo kwa sababu ofisa aliwaandikia hivyo walipokosa cheti. Mwambie mwanasheria, naye atakwambia namna ya kulieleza.

Nije kwa kijana wa kanisani na mjomba, kwa sababu naona maneno yao yamekuchoma kuliko ulivyokiri.

Hawasemi upuuzi. Jeshi hilo unalotaka kuingia lilianzishwa mwaka 1905, baada ya mgomo mkubwa wa wachimbaji wa makaa ya mawe wa mwaka 1902. Wachimbaji wengi walikuwa wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki, na waliwaona askari wale wa farasi kama watu wa matajiri. Wakawaita Cossacks, jina la wapanda farasi wa mfalme wa Urusi waliowatesa makwao. Karibu na zama zetu, askari kadhaa wa jeshi hilo walishtakiwa kwa kuwasimamisha madereva wenye asili ya Amerika ya Kilatini na kuwashikilia kwa sababu ya uhamiaji tu. Kesi ile ilimalizika mwaka 2022 kwa makubaliano, na jeshi likalipa fidia. Kwa hiyo kijana akikuuliza kama utakuja kuwakamata, anauliza swali ambalo wahamiaji wa jimbo hilo wamekuwa wakiliuliza kwa zaidi ya miaka mia moja.

Lakini jeshi hilohilo ndilo alilotoka askari aliyemshikia mjomba wako simu sikioni. Vyote viwili ni kweli, na mtu anayeingia kazini humo anaingia navyo vyote viwili. Ningependa ujiulize, ukiwa peke yako na bila kumjibu mtu: siku utakayoamriwa jambo unaloliona si haki kwa watu wako, utafanya nini? Na siku utakapomkamata Mkongo mwenzako aliyeendesha gari amelewa, na mama yake akakupigia simu usiku kwa kuwa mnasali pamoja, utamjibu nini? Siulizi ili kukukatisha tamaa. Mtu anayetaka kazi hii kwa sababu ya wema alioshuhudia siku moja anapaswa pia kuwa ameshakutana, hata kwa mawazo tu, na siku ambazo wema hautatosha.

Na kuna hatari ya mwili. Zaidi ya askari mia moja wa jeshi hilo wamekufa kazini tangu kuanzishwa kwake. Machi 2022 wawili waligongwa na dereva mlevi kwenye barabara kuu ya I-95 huko Philadelphia walipokuwa wakimsaidia mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu barabarani, na mtu huyo alikufa pamoja nao. Mwaka uliofuata mwingine alipigwa risasi. Mama atayajua haya hata usipomwambia. Ni bora ayasikie kwako, kwa sauti yako, kuliko kwenye video anazotumiwa na marafiki wa kiwandani.

Kuhusu uanamke wako, barua haikusema kitu, na labda kwako si tatizo. Nitapita haraka. Pennsylvania ilikuwa ya mbele kuwapokea wanawake kama askari kamili, darasa lao la kwanza lilihitimu mwaka 1972. Hata hivyo mwaka 2014 serikali ya shirikisho ililishtaki jeshi hilo kwamba vipimo vyake vya mbio na nguvu vinawabagua wanawake, na mwaka 2021 wakapatana. Utakuwa mmoja wa wachache darasani. Chuo ni cha kulala, kiko Hershey, ni zaidi ya miezi sita, na ukihitimu unapangiwa kituo wanachokuhitaji wao, ambacho kinaweza kuwa upande wa pili wa jimbo. Sasa hesabu nyumbani kwenu: nani ataongea na mwalimu wa wadogo zako, nani atasoma barua za benki, nani atampeleka mama kliniki ya presha? Familia nyingi za wakimbizi zimesimama juu ya mabega ya mtoto mmoja anayejua Kiingereza. Huenda na hilo limo kwenye kununa kwa mama, na huenda hawezi kulisema kwa sababu anaona aibu kumhitaji mtoto.

Hapa nirudi kwa mama mwenyewe. Umeuliza uachane na jambo hili ili apone. Nina wasiwasi na "ili apone." Ukiacha, fomu itachanwa, presha labda itashuka kwa muda, lakini siri itabaki palepale, na siku mama atakapoomba uraia wake mwenyewe ataulizwa juu ya watoto wake kwa kiapo. Swali hili lilikuwa linakuja nyumbani kwenu hata kama ungechagua kuwa mwalimu. Kwa upande mwingine, ukiendelea kwa nguvu huku yeye hajaelewa, unaweza kupata kofia na kumpoteza mtu uliyetaka kumtoa kwenye baridi. Sijui lipi kati ya haya mawili ungeweza kuishi nalo. Wewe ndiye unayejua.

Ningekuwa wewe nisingeanza na polisi. Ningeanza siku asiyoenda zamu, wadogo wakiwa hawapo, na ningesema kitu cha karibu na hiki, kwa maneno yako: "Mama, sitaijaza fomu ile kwa siri, na hakuna mtu nitakayemwambia jambo lolote la nyumba hii bila wewe kujua. Sitaki kukuuliza kwa nini ulifanya ulichofanya. Ulinibeba ziwani. Nataka tu twende wote kwa mtu wa sheria, atuambie tuko salama kiasi gani." Usitarajie ajibu siku hiyohiyo. Akilia, mwache alie. Akikataa kwenda, bado wewe unaweza kwenda kwa niaba yako mwenyewe, na umwambie kwamba utaenda.

Na kama atataka kukusimulia juu ya dada yake, msikilize bila kalamu mkononi. Kwa miaka yote hii yeye pia amefiwa na dada ambaye hakuweza kumlilia kwa jina lake mbele ya watu, kwa kuogopa kwamba mtu atauliza.

Wadogo zako waachwe nje ya jambo hili mpaka mama aseme vingine. Simu nayo ichunge: usiyaandike haya kwenye makundi ya kanisa wala kumtumia rafiki ujumbe wa sauti. Ndiyo sababu nimeondoa mengi kwenye barua yako kabla ya kuichapisha.

Wiki hii fanya mambo mawili tu, tafadhali: tafuta miadi na mwanasheria, na muulize afisa wa uandikishaji kuhusu kuongezewa muda. Ukishajua faili linasema nini, niandikie tena, iwe unaelekea Hershey au umebaki hospitalini. Tutaanzia hapo.